FOKI NDEFU ZA CHOPA: BOMBA LIKICHAKAA HALICHOMELEWI, LINABADILISHWA

Leo tuingie gereji kidogo. Jamaa mmoja ninayekaa naye hapa kafe alinionyesha picha ya chopa ya Kimarekani, ile pikipiki yenye miguu mirefu ya mbele. Akaniambia fundi wa mtaani kamwahidi kumrefushia ya kwake kwa kuchomelea vipande vya bomba. Nikamwambia subiri kaka, usitoe hela bado. Makala hii ni jibu lake. Na wewe mwenye foki ndefu inayovuja au iliyopinda, soma mpaka mwisho, maana hiki ndicho kitu kinachoshika gurudumu la mbele. Kikikatika ukiwa kwenye mwendo, huna cha kufanya tena.

CHOPA ZILITOKA WAPI

Chopa zilishamiri California, Marekani, miaka ya 1960. Vijana walichukua Harley-Davidson, wakakata na kutoa vitu wasivyovitaka, wakalaza shingo ya fremu na kurefusha foki. Jina lenyewe linatokana na huko kukatakata. Dunia nzima ikazijua kwenye filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Ile pikipiki yenye rangi za bendera ya Marekani kwenye tenki, aliyoendesha Peter Fonda, ilikuwa kazi ya Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wa Los Angeles. Majina yao hayakuwekwa kwenye filamu, na ilipita miaka mingi mpaka watu wakawatambua.

FOKI INAFANYAJE KAZI

Foki ya kawaida ina miguu miwili. Kila mguu una bomba la chuma lenye kromu linaloteleza ndani ya mguu wa chini, ule ulioshika ekseli. Ndani kuna springi, oili na kifaa cha kupunguza mdundo. Sili ndiyo inayozuia oili isitoke. Kwa juu, mabomba yote mawili yanabanwa na tii ya juu na tii ya chini.

Kwenye chopa bomba ni refu kuliko la kiwandani. Yanauzwa kwa inchi zilizozidi: 2, 4, 6, 8 na kuendelea (inchi 1 ni milimita 25.4). Sasa fikiria spana. Ukiwa na spana ndefu unafungua nati ngumu kwa urahisi, si ndiyo? Foki ni hivyohivyo. Ukipiga breki au ukiingia shimo, bomba refu linapata nguvu kubwa zaidi ya kulipinda, na mara nyingi linapinda pale chini kidogo ya tii ya chini.

DALILI ZA UCHAKAVU

1. Oili kwenye bomba au mguu wa chini. Usidharau. Ikishuka mpaka kwenye diski na pedi, breki ya mbele inakufa.
2. Vidoti vya kutu au mikwaruzo kwenye kromu pale sili inapopita. Utabadilisha sili leo, baada ya muda mfupi inachanika tena.
3. Foki inakwama ukiibonyeza, au inarudi kwa kushtuka.
4. Unaenda mbele lakini usukani umekaa upande.
5. Unasikia mchezo ukishika breki na kusukuma pikipiki mbele na nyuma. Hapa angalia pia beringi za shingo, siyo foki peke yake.

KUPIMA

Ukishalitoa bomba na kulisafisha, liviringishe juu ya kioo kinene kilichonyooka. Likicheza juu-chini, limepinda. Njia ya uhakika ni kuliweka kwenye vishikio viwili na kulizungusha chini ya saa ya kupimia. Vitabu vingi vya ufundi vya Honda vinaweka mwisho wa kupinda kuwa milimita 0.20, na kipimo halisi ni nusu ya kile saa inachoonyesha. Kwa pikipiki yako fuata kitabu chake.

VITU VYA KUKATAA

Kuchomelea. Moto wa welda unabadilisha chuma pale karibu na maungio, na ufa unaanzia hapo. Ukipaka rangi juu, hauonekani.

Vipande vya kuongezea vinavyofungwa kwa nyuzi juu ya bomba. Vilitumika sana zamani kwa sababu ni rahisi. Lakini vinaweza kulegea, na maungio yenyewe ndiyo sehemu dhaifu. Nunua bomba zima, la kipande kimoja.

Kunyoosha bomba refu lililopinda vibaya. Likishajikunja, chuma kimechoka hata kama kwa macho limenyooka.

KABLA YA KUNUNUA

Pima kipenyo kwa venia, siyo kwa macho. Harley nyingi kubwa zilitumia bomba la milimita 41, wakati Sportster nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na la milimita 39. Pima urefu wote wa bomba la zamani, angalia nyuzi za kizibo cha juu, na ujue mwaka na modeli ya foki. Foki ya chopa inaweza kuwa imetoka kwenye pikipiki nyingine kabisa! Nunua mabomba mawili kwa pamoja, pamoja na sili mpya, bushi na wosha za shaba za boliti za chini.

KUBADILISHA HATUA KWA HATUA

1. Inua pikipiki kwa fremu, ikae imara hata ukiitikisa.
2. Toa kifaa cha breki, kining'inize kwa waya. Kisining'inie kwa bomba lake la breki. Toa gurudumu na madigadi.
3. Legeza boliti za tii ya juu, halafu legeza vizibo vya juu kidogo wakati tii ya chini bado imebana. Ukisahau, utahangaika kushika bomba linalozunguka.
4. Legeza tii ya chini, vuta mguu utoke kwa chini.
5. Legeza boliti ya alenki iliyo chini ya mguu wakati springi bado imesukuma, vinginevyo kifaa cha ndani kitazunguka nayo.
6. Fungua kizibo taratibu, uso uwe pembeni. Springi inaweza kukirusha. Mwaga oili.
7. Toa boliti ya chini, kifuniko cha vumbi na klipu ya sili. Vuta bomba kwa kulishtua mara kadhaa mpaka litoke na sili na bushi.
8. Safisha kila kitu. Funika ncha ya bomba jipya kwa nailoni yenye oili kabla ya kupitisha sili, isije ikachanika.
9. Rudisha kwa mpangilio uleule, wosha za shaba ziwe mpya.

KOSA LA OILI NA SPRINGI

Hapa wengi wanakwama. Springi ya kiwandani haijarefuka. Kwa hiyo bomba likizidi kwa inchi 4, unahitaji springi ndefu zaidi au kipande cha kujazia cha urefu huo juu ya springi. Na oili usipime kutoka juu ya bomba kwa kipimo cha kiwandani. Kwa bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 36, inchi 4 za ziada ni karibu mililita 100 zaidi kila mguu!  Weka ujazo ulioandikwa kwenye kitabu, sawasawa miguu yote.

KUMALIZIA

Kabla ya kukaza boliti za ekseli, bonyeza foki mara kadhaa ili miguu ijipange. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Pampu breki mpaka iwe ngumu. Geuza usukani mwisho wa kila upande uone nyaya na bomba la breki havivutwi.

Urefu ubaki uleule wa zamani. Ukiongeza bila kugusa fremu, shingo inalala zaidi na usukani unakuwa mzito na kutaka kuangukia upande kwenye mwendo mdogo.

Nilipomweleza haya yule jamaa, akasema bei ya mabomba mapya ni kubwa. Ni kweli, kubwa. Basi abaki na foki yake ya kiwandani, fupi na nzima. Picha ya chopa aiweke kwenye simu.

Mwenye swali au aliyewahi kufanya kazi hii, tuandikie hapo chini.