Bendera Iliyotangulia Biashara: Chimbuko la Koloni la Wajerumani Afrika Mashariki

Vitabu vya historia hueleza mara nyingi kwamba Ulaya iliivamia Afrika kwa sababu viwanda vyake vilihitaji malighafi, masoko na mahali pa kuwekeza mitaji. Maelezo hayo yana uzito, hususan kwa kipindi kilichofuata mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1873, lakini yakipimwa kwa mwenendo wa Wajerumani katika Afrika Mashariki huonekana kupwaya, kwa kuwa wafanyabiashara wenye maslahi halisi huko hawakuwa mstari wa mbele kudai koloni.

Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikwisha kukita mizizi Unguja kufikia katikati ya karne ya 19, ikitajirika kwa kununua kauri, yaani kombe ndogo za baharini zilizotumika kama fedha Afrika Magharibi, na kuzipeleka huko kwa meli zake. Mwaka 1859 miji ya Kihansa, yaani miji huru ya kibiashara ya kaskazini mwa Ujerumani, Hamburg ikiwamo, ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Majid, na hivyo wafanyabiashara wake wakanunua pembe za ndovu chini ya ulinzi wa Sultani bila Ujerumani kugharimia jeshi. Mtu aliyekwisha kuyapata hayo alikuwa na sababu gani ya kutaka ugomvi na Seyyid Barghash, Sultani aliyemfuata Majid?

Msukumo ulitoka kwingine. Carl Peters, mtoto wa mchungaji aliyewahi kuishi London na kurudi kwao akiuonea wivu ukubwa wa Waingereza, alianzisha jumuiya ya ukoloni mwaka 1884, na Novemba mwaka huohuo akavuka kutoka Unguja hadi Saadani pamoja na wenzake wachache. Baada ya wiki chache tu alirejea na mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, iliyoandikwa kwa Kijerumani na kutiwa alama na watu wasioweza kuisoma, akiwamo Mangungu wa Msovero, ambaye kwa mujibu wa mkataba aliotia alama alikuwa ametoa nchi yake milele.

Chansela Bismarck, ambaye kwa miaka mingi aliyaona makoloni kuwa gharama tupu, alikuwa na hesabu zake: uchaguzi wa Bunge ulifanyika Oktoba 1884, na Uingereza, iliyokuwa imenasa Misri tangu 1882, haikuweza kumudu uadui wa Berlin. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi, yaani waraka wa kifalme ulioipa jumuiya ya Peters mamlaka ya kutawala. Barghash alipinga, lakini Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake, naye akasalimu amri.

Faida haikuonekana. Kampuni iliyotokana na jumuiya ya Peters, ikitafuta mapato, ilikodi mwambao mwaka 1888 ili ikusanye ushuru wa forodha, na jambo hilo likawasha vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa Pangani, hadi serikali ya Ujerumani yenyewe ikalazimika kuchukua utawala mwaka 1891. Hata mkonge, zao ambalo lingekuja kuwa mhimili wa koloni hilo, uliletwa baada ya bendera, mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyosalimika ni 62.