Olkaria Spa na watoi: haya ndiyo ya kujua kabla waruke ndani

Jua likichapa Nakuru na watoi wanalilia kuogelea, shika mathree hadi Naivasha uwapeleke Olkaria Geothermal Spa. Hii ni bwawa ya KenGen ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Maji inatoka kwa visima vya mvuke wa ardhini, ndio maana iko na joto na madini. Watoi wako na kibwawa chao kando.

Doo: panga mara mbili. Kiingilio cha mbuga ni cha KWS, cha spa ni kivyake.

Usalama: mtoi hushika joto haraka kukuliko. Dakika chache ndani, atoke kivulini, anywe maji safi. Ya bwawa asimeze. Kaa mahali mkono wako unamfikia, simu weka mbali.

Korongo: mvua ikinyesha, hata kama ni ya mbali, msishuke. Mafuriko iliua watu huko 2012, ikarudia 2019.

Na mkipitia Bogoria, zile chemchemi huchemsha yai. Hapo ni macho tu, na mtoi umshike mkono.