Fedha Iliyoyeyushwa: Kutoka Dola za Marekani hadi Rupia za Jinja na Mbale

Mkusanyaji wa sarafu wa Marekani anapotafuta dola ya fedha aina ya Morgan, iliyopigwa kati ya 1878 na 1904 na tena 1921, huangalia kwanza mwaka wake na jinsi ilivyochakaa. Ile isiyo na mkwaruzo ndiyo ghali. Insha hii inaeleza jinsi dola hizo zinavyohusiana na historia yetu ya mashariki mwa Uganda. Inapendekeza pia kwamba sarafu zetu zikusanywe kwa njia nyingine, yaani pamoja na habari za watu waliozishika.

Tuanze na mwaka 1918. Vita Kuu vilikuwa vinaendelea, na huko India watu wenye noti walikuwa wanadai wapewe rupia za fedha. Akiba ya fedha ya serikali ya kikoloni ilikaribia kwisha, Uingereza ikaomba msaada Marekani. Mwezi Aprili, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Pittman iliyoruhusu dola hadi milioni 350 ziyeyushwe. Zilizoyeyushwa zilizidi milioni 270, na sehemu kubwa ya madini hayo iliuzwa kwa Uingereza ili India ipige rupia. Hakuna aliyeandika dola hizo zilikuwa za miaka gani. Ndiyo maana hadi leo wakusanyaji hukisia tu ni dola ngapi za mwaka fulani zilizosalia.

Rupia za India ndizo zilizokuwa pesa zetu pia. Zilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi na reli ya Uganda, zikachukua nafasi ya simbi, ambazo jina lake bado liko katika neno la Kiganda ensimbi, yaani pesa. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilipofunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, pamba ilisafirishwa kwa wingi na rupia zikaingia vijijini. Mkulima alilipwa kwa rupia na kodi akailipa kwa rupia. Kiswahili nacho kimehifadhi historia hiyo: fedha ni madini na pia ni pesa, na neno pesa lenyewe limetoka India.

Mabadiliko yalikuja haraka. Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Fedha ilipopanda bei, rupia nayo ilipanda, na mwaka 1920 serikali ikaamua rupia 10 ziwe pauni moja. Ikatolewa florini, kisha shilingi zenye mwaka 1921. Rupia moja ikawa shilingi mbili. Nimepiga hesabu: rupia ina gramu 11.66, na karibu gramu 10.7 kati ya hizo ni fedha safi. Shilingi ilikuwa na gramu 7.8 hivi, na robo yake tu ndiyo fedha. Kwa hiyo aliyetoa rupia moja alirudishiwa gramu 3.9 za fedha safi.

Ni rahisi kusema kwamba aliibiwa. Lakini kufikia 1921 bei ya fedha ilikuwa imeporomoka, na shilingi ndizo zilizokubaliwa kulipia kodi. Aliyezibadilisha rupia zake huenda alifanya busara. Swali linalonivutia ni hili: kwa nini wengine hawakuzibadilisha? Hesabu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa London, haziwezi kulijibu. Jibu liko majumbani.

Tangu mwaka wa kwanza wa masomo nimekusanya sarafu 14. Tisa nilizinunua Jinja kwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyezipima kwa mizani. Kuhusu hizo, ninajua yale tu yaliyochorwa juu yake. Nyingine tano nilizipata Mbale kwa jamaa na majirani. Mojawapo ni rupia ya 1918, yenye nukta ndogo inayoonyesha kwamba ilipigwa Bombay, na imetobolewa tundu. Bibi aliyenipa alisema mama yake aliivaa shingoni siku za sherehe, na kwamba ilikuwa malipo ya pamba ya kwanza aliyouza mwenyewe. Alikataa kuibadilisha kwa sababu shilingi mbili zingekwenda kwa kodi ya mumewe. Kwa mkusanyaji wa Marekani, tundu hilo limeiharibu sarafu. Kwangu mimi tundu hilo ni ushahidi wa mwanamke aliyekataa jasho lake lipotee.

Huenda rupia hiyo ina fedha ya dola za Marekani ndani yake. Hakuna awezaye kuthibitisha, kwa sababu madini yakishayeyuka hayasemi yalikotoka. Hilo ndilo linalotokea sasa kwetu. Wanunuzi hupita mitaani, bibi na babu zetu wanauza kwa uzito, na sonara anayeyusha. Sarafu ikiondoka bila maelezo, tumepoteza zaidi ya gramu 10.

Kwa kumalizia, ninawaomba wanafunzi wenzangu tunapokwenda nyumbani likizo tubebe daftari. Tuulize mambo manne: sarafu ilikuwa ya nani, aliipataje, kwa nini aliihifadhi, na ilikaa wapi. Hata kama mwenyewe ataamua kuiuza, na ana haki hiyo, majibu yake yatabaki.