Ile Fonti ya Mazishi Ilitoka Wapi?

Ukienda mazishi Birongo, au popote pale Kisii na Nyamira, kabla hujapata kiti utapewa kijitabu. Picha ya marehemu juu, tarehe mbili chini, na katikati jina lake kwa zile herufi nene zenye kivuli na mikia iliyojikunja. Unazijua. Ziko pia kwenye kadi za harusi, cheti cha nasari, bango la kinyozi na kalenda ya chama cha akina mama. Fonti hiyo inaitwa Algerian, na kwa miaka mingi niliamini ni kitu chetu, kama matoke vile.

Kumbe ni ya Sheffield, Uingereza. Kulikuwa na kiwanda huko kikiitwa Stephenson Blake, kilichoanza 1818, kazi yake kuyeyusha madini na kuyamimina yawe herufi za kuuzia wachapishaji. Algerian ilikuwa kwenye kitabu chao cha sampuli cha 1908. Jina ni la Algeria, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ufaransa, lakini usitafute Uarabu wowote ndani yake. Ni herufi za Kirumi zilizovalishwa nguo za sherehe. Zina serifu, vile viguu vidogo kwenye ncha za herufi, ila hapa viguu vimekunjwa na kunoga. Pembeni kuna mstari mwembamba wa kivuli, ndiyo maana neno linaonekana kama limeinuka kutoka kwa karatasi.

Na haina herufi ndogo. Ukibonyeza ndogo, bado unaletewa umbo la kubwa. Ni kwa sababu fonti za aina hii zilitengenezewa vichwa vya matangazo, maneno mawili matatu ya kumsimamisha mpita njia. Hakuna aliyepanga usome ukurasa mzima hivyo.

Sasa huo mwaka 1908 ndio ulinifanya nikae chini. Januari mwaka huo, upande wa Kitutu, kijana anayeitwa Otenyo alimdunga mkuki Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni. Wazee husimulia kwamba Moraa, yule mama nabii, ndiye aliyemtia moyo. Northcote alipona, na baadaye sana akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii nao waliletewa askari. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wengi wakauawa. Wale waliozikwa hawakuwa na kijitabu. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu 1911, Waadventista wakaja Nyanchwa 1912, na huko ndiko wengi wa babu zetu walikoanza kushika kalamu. Sisemi fundi wa Sheffield alijua Kisii iko wapi. Nasema tu kwamba mwaka mmoja nchi ile ile ilikuwa inauza herufi za kupendeza kwao na kuchoma nyumba kwetu, na leo majina ya vitukuu wa waliochomewa yanaandikwa kwa herufi hizo.

Zilitufikiaje? Hakuna aliyeketi akazichagua. Algerian iliwekwa kwenye Microsoft Office, na orodha ya fonti pale hupangwa kwa alfabeti. Inaanza na A! Kijana wa saiba ana foleni, mteja analia, mazishi ni Ijumaa. Anafungua orodha na huyo hapo, karibu juu kabisa. Wabunifu wengi wa ng'ambo huicheka fonti hii. Mimi siwezi. Kati ya zile herufi kavu za juu ya orodha, hii ndiyo pekee inayoonekana kama kuna mtu alijisumbua kwa ajili ya marehemu.

Shida ni vile tunavyoitumia, na hapa najishtaki mwenyewe. Nyanya yangu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwa sababu nilijua kompyuta kidogo, nikapewa kuandika wasifu wake. Nikaweka Algerian kila mahali. Jina, ukoo, watoto, maisha yake yote, kurasa tatu. Nilijiona fundi. Siku ya mazishi baba mdogo akashika kipaza sauti, akaanza kusoma, akakwama. Akarudia. Akasogeza karatasi mbali na macho, akaileta karibu. Alipofika pale nilipoandika jinsi Nyanya alivyobeba ndizi kichwani hadi sokoni miaka na miaka ili watoto wake wasome, akafunga kijitabu: "Haya mengine mtajisomea nyumbani."

Ile ndiyo sehemu niliyotaka watu wasikie. Na baba mdogo ni mmoja wa wale waliosomeshwa na hizo ndizi.

Mwaka jana tulipoteza jamaa mwingine na kazi ikanirudia. Safari hii nilichagua fonti rahisi, herufi ndogo, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Nikampelekea shangazi aangalie. Alisoma yote bila kuvaa miwani, akatingisha kichwa kwamba ni sawa. Halafu akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye jina.

"Hapa umeandika kama barua ya shule. Jina liweke kwa ile ya mazishi."

Nikaliweka.