Buchberger: Msomi aliyeifunza tarakilishi kutanzua aljebra

WATU wengi huichukulia tarakilishi kuwa mashine ya kujumlisha na kutoa. Hata hivyo, lipo tawi la hisabati ambalo huitumia mashine hiyo kushughulikia herufi na alama, jinsi afanyavyo mwanafunzi ubaoni. Tawi hilo, liitwalo ukokotoaji wa kialama na kialjebra, lina deni kubwa kwa mwanahisabati wa Austria, Bruno Buchberger.

Umuhimu wa tawi hili ni usahihi. Tarakilishi ya kawaida huandika theluthi moja kama 0.333 na kuendelea, kisha hukata tarakimu mahali fulani. Kosa hilo dogo laweza kukua hesabu inaporefuka. Katika ukokotoaji wa kialama, theluthi hubaki theluthi hadi mwisho.

Buchberger alizaliwa mjini Innsbruck mnamo Oktoba 22, 1942. Akiwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha mji huo, alikabidhiwa na mwalimu wake, Profesa Wolfgang Gröbner, swali gumu kuhusu milinganyo ya aljebra yenye herufi nyingi. Jawabu lake lilikuwa tasnifu ya uzamifu aliyoiandika mwaka wa 1965.

Wazo lenyewe laweza kuelezwa kwa mfano. Chukua shamba la mstatili lenye mzingo wa mita 20 na eneo la mita 21 mraba. Urefu ukiwa x na upana y, basi x + y = 10, na xy = 21. Tukizidisha mlinganyo wa kwanza kwa y na kuondoa ule wa pili, tunapata y² – 10y + 21 = 0. Sasa imesalia herufi moja tu, na jibu ni dhahiri: pande ni mita 7 na mita 3.

Milinganyo ikiwa kumi, yenye herufi kumi, mtu hupotea njia. Buchberger alitunga utaratibu ambao huchukua milinganyo miwili miwili, huizidisha ili sehemu zake kuu zifutane, kisha huchunguza kinachobaki. Baki jipya huongezwa kwenye orodha, na kazi hurudiwa hadi pasiwe na jipya tena. Aidha, alithibitisha kwamba kazi hiyo ni lazima ifike kikomo.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida mwaka wa 1970, lakini hayakuvutia wengi mara moja. Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke, ila Buchberger hakuwa wa aina hiyo. Mnamo 1976 aliipa orodha ile ya mwisho jina la mwalimu wake. Ndiyo sababu duniani kote wataalamu huzungumzia misingi ya Gröbner, ilhali utaratibu wa kuipata huitwa wa Buchberger.

Tangu 1974 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Johannes Kepler, mjini Linz. Mwaka wa 1985 alianzisha jarida la Journal of Symbolic Computation, na mnamo 1987 akaasisi taasisi ya utafiti ya RISC, ambayo makao yake ni ngome ya kale ya Hagenberg. Katikati ya miaka ya 1990 alianzisha mradi wa Theorema, wenye lengo la kuisaidia tarakilishi kuthibitisha kanuni za hisabati.

Utaratibu wake haukosi mipaka. Mnamo 1982, Ernst Mayr na Albert Meyer walionyesha kuwa yapo maswali ya aina hii ambayo huhitaji kumbukumbu kubwa mno ya tarakilishi, herufi zinapoongezeka. Mfaransa Jean-Charles Faugère alibuni njia ya kasi zaidi, F4, mwaka wa 1999.

Pamoja na hayo, misingi ya Gröbner imo katika programu za Maple, Mathematica na Singular. Wahandisi huitumia kukokotoa mikao ya mikono ya roboti, nao wataalamu wa usimbaji huitumia kupima iwapo siri zilizofichwa kwa milinganyo zaweza kufichuliwa.

Buchberger alitunukiwa Tuzo ya Paris Kanellakis mwaka wa 2007 na Tuzo ya Herbrand mwaka wa 2018. Gröbner, aliyefariki mwaka wa 1980, hakuishi kuona jinsi swali alilompa mwanafunzi wake lilivyoenea kote duniani.