Bismuthi feraiti: kesi ya miaka karibu hamsini na kosa la mpishi

Najua wengi mko kwenye msuli wa UE na wengine mnahesabu siku za bumu. Leo siasa za chuo naziweka pembeni, nawaletea historia ya kitu ambacho kwenye madesa yetu kinapita kwa mstari mmoja tu halafu basi: bismuthi feraiti, BiFeO3. Kwa macho ni unga tu, ukiubana na kuuchoma unakuwa kauri. Lakini nilipofuatilia habari zake nikaona ni kesi kabisa. Kitu hiki kilihukumiwa kuwa dhaifu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa ya mpishi.

Kwanza tuelewane maneno. Sumaku mnaijua, inashika uelekeo wake hata ukiiacha mezani. Feroelektriki inafanya vivyo hivyo kwa chaji: ukiipitishia volti, chaji chanya zinasogea kidogo upande mmoja na hasi upande wa pili, na ukizima umeme zinabaki hivyo hivyo. Ukigeuza volti, nazo zinageuka. Kitu chenye mpangilio wa sumaku na wa chaji kwa pamoja ndicho kinaitwa maltiferoiki, jina alilolitoa Hans Schmid mwaka 1994. Na watu wanakitafuta kwa sababu ya maana. Kuandika kumbukumbu ya kompyuta kwa sumaku kunataka mkondo wa umeme, na mkondo unaleta joto. Kama volti peke yake ingeweza kugeuza sumaku, umeme mwingi ungeokolewa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1894 Pierre Curie aliandika kwamba, kwa hoja za ulinganifu wa fuwele, inawezekana umeme ukaamsha usumaku ndani ya kitu fulani. Ikabaki nadharia. Mwaka 1959 Mrusi Dzyaloshinskii akataja kitu chenyewe, oksidi ya kromiamu, na mwaka 1960 Astrov akapima akakuta ni kweli. Lakini athari ilikuwa ndogo sana, halafu oksidi hiyo si feroelektriki. Huko Leningrad, kundi la Smolenskii lilikuwa linatafuta vitu vyenye tabia zote mbili, na katika hekaheka za mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo bismuthi feraiti ikaingia maabara.

Kwa sifa za kwenye karatasi, jamani, ilikuwa lulu. Inabaki feroelektriki mpaka kama nyuzi 830 za Selsiasi, na mpangilio wake wa sumaku unadumu mpaka kama nyuzi 370. Linganisha na fuwele ya nikeli, boroni na iodini iliyotangazwa Geneva mwaka 1966, ambayo inafanya maajabu yake kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Hii yetu inafanya kazi mezani, kwenye joto la kawaida.

Sasa kwa nini haikuvuma? Hapa ndipo jikoni kunapoingia.

Mapishi ukiyasikia ni rahisi. Chukua oksidi ya bismuthi na oksidi ya chuma, kwa uzito kama gramu 466 kwa 160, saga pamoja, choma. Tatizo la kwanza: oksidi ya bismuthi inayeyuka kwenye nyuzi kama 817, na kabla ya hapo imeshaanza kupotea hewani. Ikipungua, vipimo vyako vyote vimeharibika. Tatizo la pili: ukipandisha moto polepole, unapata wageni usiowaalika. Sehemu moja inakuwa na chuma kingi, Bi2Fe4O9, nyingine na bismuthi nyingi kupita kiasi. Tatizo la tatu: oksijeni ikitoroka, inaacha mapengo, na baadhi ya chuma kinabadili chaji yake. Hapo umeme unapata njia ya kupenya na kauri inavuja. Feroelektriki inayovuja ni kama ndoo iliyotoboka, huwezi kuijaza ukajua inabeba kiasi gani.

Watu walijitahidi. Mwaka 1967 Achenbach, James na Gerson walichapisha njia ya kuosha unga kwa asidi ya nitriki ili kuondoa wageni. Mwaka 1970 Teague, Gerson na James wakapima fuwele moja, tena kwenye baridi ya naitrojeni ya kimiminika ili kupunguza uvujaji. Wakapata maikrokulombi 6.1 kwa sentimita mraba. Hiyo ni ndogo, barium titaneti ya kawaida inaizidi mara kadhaa. Namba hiyo ikaingia vitabuni, na kwa zaidi ya miaka thelathini ndiyo ikawa hukumu: ni feroelektriki, lakini dhaifu.

Ikaja hukumu nyingine upande wa sumaku. Mwaka 1982 Sosnowska na wenzake walitumia nyutroni wakaona kwamba atomu za chuma jirani zinaelekea pande zinazopingana, halafu mpangilio mzima unazunguka kama ngazi ya mzunguko, mzunguko mmoja kila nanomita 62. Kwa hiyo usumaku unajifuta wenyewe. Hili, tuseme ukweli, halikuwa kosa la mpishi. Ndivyo ilivyoumbwa.

Mwaka 2000 Nicola Hill (siku hizi anajulikana kama Nicola Spaldin) alieleza kwa nini vitu vya aina hii ni adimu. Kwenye feroelektriki kama barium titaneti, atomu inayosogea inataka ganda fulani la elektroni liwe tupu. Sumaku inataka ganda hilo hilo liwe na elektroni. Nafasi moja, waombaji wawili! Bismuthi feraiti inaponea kwa kugawana kazi: bismuthi, kwa jozi yake ya elektroni isiyotumika, inasukuma chaji, na chuma kinashughulikia sumaku.

Halafu 2003. Kundi la Ramesh, Marekani, likatandaza utando mwembamba wa BiFeO3 juu ya fuwele nyingine, na katika jarida la Science wakatangaza maikrokulombi 50 hadi 60. Karibu mara kumi ya ile ya 1970! Maelezo yao: utando umebanwa na fuwele ya chini yake, kubanwa huko ndiko kumeongeza nguvu. Walidai pia usumaku mkubwa, lakini mwaka 2005 wengine waliandika kwenye jarida hilo hilo kwamba wao hawakuuona.

Wapishi wa kauri nao hawakulala. Mwaka 2004 watafiti wa Nanjing, China, walipandisha moto kwa kasi kubwa, wakachoma kwenye nyuzi 880 kwa sekunde 450 tu. Dakika saba na nusu! Sisi tumelelewa na haraka haraka haina baraka, lakini hapa baraka ilikuwa kwenye haraka: wageni hawakupata muda wa kujijenga. Kauri ikaacha kuvuja hovyo na wakasoma 8.9 kwenye joto la kawaida.

Pigo la mwisho ni 2007, Ufaransa. Lebeugle na wenzake wakaotesha fuwele safi kabisa ndani ya kimiminika cha oksidi zile zile mbili. Hakuna utando, hakuna kubanwa. Wakapima, wakafika kama 100. Maana yake nguvu ile haikutoka kwenye utando, ilikuwemo ndani ya kitu chenyewe tangu Leningrad. Ile 6.1 ilikuwa kipimo cha fuwele iliyovuja, isiyoweza kupewa volti ya kutosha kuigeuza yote.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2014 Heron na wenzake walionyesha kugeuza sumaku iliyolazwa juu ya BiFeO3 kwa volti tu, kwenye joto la kawaida. Na mwaka 2018 watafiti wa Intel walichapisha mpango wa vifaa vya kompyuta vinavyotegemea jamii hii ya vitu.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Sisi prakitiko tunaichukulia kama adhabu, alama tunaziwinda kwenye nadharia. Lakini nadharia ya Curie ilikuwepo tangu 1894, na kitu chenyewe kilikuwepo tangu miaka ya 1950. Kilichokosekana ni mtu wa kujua moto uende kasi gani. Na ile 6.1 watu waliikariri bila kuuliza sampuli ilikuwa safi kiasi gani. Namba ngapi kwenye madesa yetu ziko hivyo?

Wa kemia, najua mna la kusema kuhusu asidi ya nitriki, maana nasikia inaondoa wageni lakini inauchokoza na unga wenyewe. Karibuni, mnikosoe. Wiki ijayo panapo majaliwa nitaandika kuhusu barium titaneti na jinsi vita vya pili vya dunia vilivyoifikisha maabara za nchi tatu karibu kwa wakati mmoja. Msuli mwema!