Kabla ya Texas, roketi ya bei nafuu iliruka Luvua

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba 2020, Siku ya Uhuru ikiwa imepita saa chache tu, silinda ndefu ya chuma iliyoitwa SN8, jaribio la roketi ya Starship ya Elon Musk, ilipaa kutoka Boca Chica, Texas. Ilifika kilomita 12 na nusu juu, karibu mara tatu ya kimo cha Mlima Meru, ikazima injini, ikashuka kwa ubavu kama jani, ikajigeuza wima ilipokaribia ardhi, kisha ikagonga jukwaa na kulipuka. Waliokuwa wakifuatilia walishangilia hata mlipuko wenyewe, maana sehemu ngumu, ile ya kugeuka, ilikuwa imewezekana. Miezi mitano baadaye, tarehe 5 Mei 2021, ndugu yake SN15 ilitua salama.

Tangu hapo kila toleo jipya la Starship linaporuka, Arusha nayo haikosi watazamaji. Vijana wa Njiro na Ngarenaro huchoma bando kuangalia moja kwa moja, na kesho yake hubishana vijiweni kama wanavyobishana kuhusu ligi ya Uingereza. Siku ya Jumapili, 13 Oktoba 2024, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, roketi kubwa ya chini iliruka, ikaachana na chombo, ikarudi ilikotoka na kudakwa hewani na mikono miwili ya mnara. Ilikuwa na injini 33. Sioni haya kusema kwamba niliisherehekea. Mtu anayejua gharama ya kupeleka kilo moja angani anaelewa uzito wa jambo lile: tangu mwanzo wa safari za anga roketi ilitengenezwa kwa miaka, ikatumika kwa dakika, ikaachwa iteketee au izame baharini. Chombo cha Marekani cha mwaka 1981, kile kilichotua kama ndege, kilirudi lakini matengenezo yake kati ya safari moja na nyingine yalikula fedha nyingi mno. Mabadiliko yenyewe yalikuja 21 Desemba 2015, sehemu ya chini ya Falcon 9, roketi nyingine ya Musk, iliposimama wima Florida baada ya kazi, na 30 Machi 2017, roketi ya aina hiyo iliyokwisha kutumika iliporushwa tena.

Jambo linalonisukuma kuandika ni tarehe nyingine. Itakapofika 17 Mei 2027 itatimia miaka 50 tangu kampuni binafsi irushe roketi yake ya kwanza kwa nia ile ile anayoitangaza Elon Musk leo, kushusha bei ya kufika angani. Haikurushiwa Texas. Ilirushiwa katika uwanda wa juu ukingoni mwa bonde la Mto Luvua, kusini-mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire, Kongo ya leo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Ardhi ile leo ni ya nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake makuu hapa Arusha.

Wengi wanaijua zaidi hadithi ya roketi za Malindi, pwani ya Kenya, kwa hiyo nitaipitia kwa kifupi. Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio waliweka majukwaa mawili baharini karibu na Ngomeni, San Marco na Santa Rita, na kuanza kurusha roketi ndogo mwaka 1964. Tarehe 26 Aprili 1967, Muungano wetu ukitimiza miaka mitatu, walipeleka satelaiti yao kwenye mzingo wa dunia kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikaondoka satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti ule, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Urushaji wa mwisho wa satelaiti kutoka Malindi ulikuwa Machi 1988. Roketi zote zilizobeba satelaiti zile, za aina ya Scout, zilikuwa za kutumika mara moja.

Kilichowaleta Waitaliano huku ni dunia yenyewe. Kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa upande huo inaichukua kasi hiyo bure. Ukiwa Florida inapungua hadi karibu 1,470. Malindi iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Arusha pia. Manono, mji wa upande ule wa Zaire ulikokuwa uwanja wa roketi, ni nyuzi saba. Huo ni utajiri ambao hauchimbwi wala haumaliziki, na tumekuwa tukiukodisha kwa watu wengine tangu tupate bendera.

Sasa turudi Luvua. Mengi ninayoyafahamu kuhusu maisha ya pale nimeyapata kwenye filamu ya Mjerumani Oliver Schwehm ya mwaka 2018, Fly Rocket Fly, ambayo inasimulia zaidi kwa macho ya mafundi waliotoka Ujerumani. Aliyewaongoza aliitwa Lutz Kayser, mhandisi wa Stuttgart. Katikati ya miaka ya sabini alianzisha kampuni iitwayo OTRAG bila fedha za serikali. Watu binafsi wa Ujerumani Magharibi, wengi wao wakitafuta nafuu ya kodi, ndio waliochangia mtaji. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus, mtu aliyesimamia kituo cha anga cha Kennedy wakati Wamarekani wanakwenda mwezini, na ambaye kabla ya hapo aliitumikia Ujerumani ya Hitler kwenye roketi za V-2. Jina hilo lilimpa Kayser heshima kwa wenye fedha, likawapa maadui zake silaha.

Roketi yake ingemfurahisha fundi yeyote wa gereji za Unga Limited. Kayser aliona kwamba gharama ya roketi iko kwenye pampu zake za ajabu na vyuma vyake vya kipekee, akaviondoa. Alichukua mabomba membamba ya aina moja, yenye kipenyo cha sentimita 27, yanayoweza kutoka kiwandani kwa maelfu. Ndani aliweka mafuta ya jamii ya dizeli na tindikali ya naitriki, akavisukuma kwa hewa iliyoshindiliwa juu yake. Koki za kufungulia mafuta zilizungushwa na mota za waipa za magari ya Volkswagen. Ukitaka mzigo mkubwa, unafunga mabomba mengi pamoja kama mtu afungavyo tita. Ukitaka roketi ielekee kushoto, unapunguza mafuta ya mabomba ya kushoto. Hakukusudia kuirudisha. Yeye aliamini kwamba kitu kikiwa rahisi vya kutosha, kukitupa si hasara. Musk amechukua njia iliyo kinyume kabisa, lakini mtu akitazama zile injini 33 zinazofanana chini ya roketi yake atauona ukoo wa mawazo.

Kayser alihitaji mahali pa kurushia, karibu na ikweta, pasipo na watu wengi. Mwaka 1976 alitia saini mkataba na serikali ya Mobutu Sese Seko. Akapewa eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 katika jimbo la Shaba, Katanga ya zamani. Ukitaka kulipima, mkoa wa Arusha haufiki hata nusu yake. Na haikuwa ardhi tu. Ndani ya eneo lile kampuni ilipewa madaraka ambayo kwa kawaida ni ya dola, pamoja na kinga kwa watu wake, na mkataba uliruhusu wenyeji kuhamishwa pale shughuli zitakapohitaji. Muda wake ulifika hadi mwaka 2000. Magazeti yalipouanika mkataba huo mwaka uliofuata, Afrika nzima ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Kongo ilikwisha kuwa mali binafsi ya mfalme mmoja wa Ubelgiji. Hapa lilikuwa likitolewa pande lake jingine, mara hii na Mwafrika mwenyewe.

Mafundi walisafisha uwanja juu ya genge, wakajenga nyumba, wakatengeneza kiwanja cha ndege na kuendesha ndege zao za mizigo kuleta vifaa kutoka Ulaya. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ya kwanza, mabomba manne yaliyofungwa pamoja, iliruka vizuri. Mwaka mmoja baadaye, 20 Mei 1978, ya pili nayo ikaruka vizuri.

Tazama tarehe hizo. Mei 1977 Shaba ilikuwa vitani. Waasi waliovuka kutoka Angola Machi mwaka ule walikuwa bado hawajasukumwa nje. Mei 1978 waasi walirudi, wakateka mji wa migodi wa Kolwezi, na tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kuukomboa. Roketi ya pili iliruka siku iliyofuata, katika jimbo lile lile. Mtu aliyekaa Luanda, Lusaka au Dar es Salaam angeamini vipi kwamba Wajerumani hawa, wakiongozwa na mtu wa V-2, walikuwa wakijaribu tu usafiri wa satelaiti? Angola ililalamika. Umoja wa Kisovieti ulitangaza kwamba Ujerumani Magharibi inatengeneza makombora ya vita msituni kukwepa mikataba iliyoikataza. Ufaransa, yenye uwanja wake wa roketi kule Kourou, haikufurahia mshindani wa bei rahisi. Wataalamu wengi walioichunguza roketi ile baadaye waliona kwamba kama silaha ilikuwa dhaifu, na mimi naukubali ushahidi wao. Lakini anayempa mgeni madaraka ya dola mahali pasipoingilika hawezi kumlaumu jirani kwa kuwa na wasiwasi.

Halafu ikaja 5 Juni 1978. Mobutu mwenyewe alikwenda kutazama, na msafara wake na wapiga picha. Picha zile zipo hadi leo. Roketi inaondoka, inapanda, inaanza kuinama, halafu inapinduka na kuporomoka bondeni mbele ya macho ya rais. Kiufundi ilikuwa hitilafu ndogo. SN8 ilianguka hadharani vibaya zaidi, na siku hiyo hiyo mafundi wake walipongezana. Tofauti ni kwamba Texas waliruhusiwa kuanguka tena, na tena, na tena. Kayser hakuruhusiwa. Aprili 1979, chini ya shinikizo la kila upande, Mobutu aliamuru shughuli zisimame. Kampuni ikahamia Libya ya Gaddafi, jambo lililowapa nguvu wote waliosema tangu mwanzo kwamba ni silaha, na ndani ya miaka michache ikafa. Kayser alifariki mwaka 2017, akiishi visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki, baada ya kuona kampuni binafsi za roketi zikitawala anga.

Na Arusha ilikuwa wapi? Arusha ilikuwa ikifunga virago. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977. Roketi ya kwanza ilipokuwa inaruka Luvua, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imebakiza wiki chache tu za uhai. Bajeti haikupitishwa, na kufikia Julai ofisi zilizokuwa roho ya mji huu zikawa hazina kazi. Majengo yale, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yakageuzwa kuwa kituo cha mikutano tunachokiita AICC mwaka 1978. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilikuwa na viwanja viwili vya roketi katika mwaka mmoja, kimoja baharini Kenya na kingine ng'ambo ya ziwa, na chombo pekee ambacho kingeweza kuketi na kuuliza kwa pamoja "masharti yetu ni yapi?" kilivunjwa mwaka huo huo. Sidhani kama tumewahi kuihesabu hasara hiyo. Tunapoililia Jumuiya ya zamani huwa tunataja ndege, reli na bandari.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliosainiwa hapa hapa Arusha 30 Novemba 1999. Kongo ikapokelewa mwaka 2022. Malindi na Luvua, kwa mara ya kwanza katika historia, zimo ndani ya uzio mmoja.

Miaka ya karibuni nayo ina yake. Jean-Patrice Keka wa Kongo amekuwa akirusha roketi ndogo alizobuni mwenyewe kutoka Menkao, nje ya Kinshasa, moja yao ikiwa imembeba panya. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta wanajenga zao na kuzishusha kwa parachuti ili zitumike tena. Satelaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipelekwa angani 15 Aprili 2023 na Falcon 9 iliyokwisha kufanya safari kadhaa kabla yake. Serikali yetu imekwisha kusema kwamba inataka satelaiti yake.

Kwa mji huu ninayo maombi mawili. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978, mwaka wa roketi ya pili na ya tatu, na kule Tengeru tunayo taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Wanafunzi wa pande hizo mbili wapewe michoro ya Kayser, waitafutie kasoro, wailinganishe na roketi zinazorudi. Na ile Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya iliyoko Kigali iweke mezani mikataba miwili, wa Malindi na wa Zaire, kifungu kwa kifungu, kabla mwekezaji mwingine hajaja na ramani ya ikweta mkononi. Atakuja, kwa sababu roketi zinazorudi zinaruka mara nyingi zaidi na zitahitaji viwanja vingi zaidi. Safari hii meza ya mazungumzo iwekwe Barabara ya Afrika Mashariki, kwenye makao makuu, na mkataba usomwe bungeni kabla ya kusainiwa.